Bwana Harusi na Boriti ya Ukumbini

Junda, Kisauni,
Mombasa.
12 Novemba 1961

Mpendwa mdogo wangu Sheikhan,

Assalaam alaykum. Habari za Kampala na baridi yake? Magoti yaendeleaje? Na lile tumbo tuliloliona pichani, bado lakutangulia mlangoni? Mimi kaka yako Mwidani ni mzima, meno yamebaki ya kuchekea tu. Lakini moyo, wallahi, tangu Alhamisi haujarudi mahali pake. Kaa kitako kwanza. Watu wote ni wazima. Paa la ukumbi wako ndilo halipo.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Halipo.

Wewe walijua paa lako lile bapa, kila mvua lavuja kando ya kuta. Nasi dawa yetu ni moja: twaita watu, twapiga chokaa mpya juu ya ile kuukuu, kwa nyimbo na vishindo. Mwaka hadi mwaka likanenepa kama wewe, nasi twajisifu kuwa limekuwa ngome. Dada yetu Barke akaamua kwamba siku ya harusi ya mwanao kundi lake zima la lelemama licheze huko juu, Junda yote ione.

Sasa huyu Khatibu, mkweo mtarajiwa, aliyerudi na masomo ya majengo, alipopata habari hiyo alikuja mbio Jumatatu. Ada yetu waijua, bwana harusi havuki kizingiti kabla ya nikaha. Basi akakaa barazani, na macho yake nikawa mimi. "Ami, ukumbi una upana gani? Boriti ya zege ina unene gani? Chokaa imefika wapi?" Nami napima kwa shibiri, naingia natoka kama kuku atafutaye pa kutaga. Habari za vyuma vilivyomo ndani alikwisha kumwuliza fundi Garama aliyejenga. Akachora mchangani kwa kijiti, akafuta, akachora tena. Kisha akasema, "Panda juu, Ami. Bandua chokaa kando ya ukuta wa kibla, utaona ufa ulioufuata ukuta. Nenda ukuta wa pili, utaona ndugu yake."

Nikamcheka. "Wewe mwana, ulikwisha kuingia kwa dirisha kumchungulia mchumba?" Akaona haya mpaka masikio.

Nikapanda. Sheikhan, nyufa zilikuwapo! Zote mbili, pale pale aliposema, naye hajapata kuona hata kigae cha humo ndani! Nywele zilinisimama, hizo chache. Nikashuka nikamwuliza ni mganga wa wapi.

Akanieleza, nami niliyetoroka shule kabla ya kujua kugawanya nikaelewa. Boriti ile imeshikwa na kuta mbili kwa ncha zake, kama mtu aliyeshikwa mikono. Ikilemewa hupasuka kwanza juu, penye ncha, na mpasuko ule huwa kama bawaba ya mlango. Haianguki bado. Ncha zikichoka, katikati hubeba kilichobaki. Ila ikipata bawaba ya tatu, pale katikati upande wa chini, hapo yajikunja. Na mzigo wa kuifikisha hapo wahesabika! Sisi pale ilipochoka ndipo ilipovuja, na ilipovuja ndipo tulipoitwika chokaa zaidi. Miaka yote twamtibu mgonjwa kwa kumkalia kifuani.

"Nafasi iliyobaki ni ndogo," akasema. "Kundi la Bi Barke latosha kuiangusha. Hata maji ya mvua yakituama yatosha. Asipande mtu tena, na waliomo watoke."

Nikampelekea Barke salamu hizo. Lo! "Mwambie, anayeogopa fungate asisingizie boriti! Na sisi si magunia ya kupimwa." Hakutoka mtu.

Alhamisi mvua ikanyesha tangu asubuhi, na matundu ya kutolea maji paani tulikwisha kuyaziba kwa chokaa yetu wenyewe. Alasiri nikaingia ukumbini. Wanawake wamejaa, wapamba kitanda cha fungate, na Mastura mwanao ameketishwa juu yake atiwa hina. Nikatazama chini ya boriti, katikati. Ufa wa tatu. Ukucha wangu uliingia.

Nikapiga kelele watoke. Barke akanijibu, "Kaka, nenda kanywe kahawa yako." Basi nikamsukumia jambo ambalo yeye huliogopa kuliko kiyama. Nikasema, "Nyoka! Chini ya kitanda!"

Sijapata kuona wanawake wanene wakikimbia namna ile. Mastura alibebwa na hina yake. Tukajikuta uani mvuani, Barke ameshika mchi anisubiri nimwonyeshe nyoka, nami natafuta uongo wa pili.

Uongo haukuhitajika. Kishindo kikalia, vumbi likatoka milangoni na mvua yanyesha. Nilipochungulia, boriti imekunjika mahali patatu, kwenye ncha mbili na katikati, na katikati yake imelala juu ya kitanda. Kitanda hakionekani, Sheikhan. Hakionekani.

Usidhani Barke alishukuru. Alilia, kisha akasema kijana ana mdomo mbaya, yeye ndiye aliyeliangusha paa kwa kulitaja, na harusi haipo tena. Wengine wakaitikia. Kwa kuwa ulinyimwa likizo ukaniweka mimi wakili wako kumwoza mwanao, macho yote yakanigeukia. Nikamwuliza mwenyewe Mastura. Akasema chini ya buibui, lakini wote walisikia: "Ami, nyinyi nyote mlinipamba chini ya boriti ile. Yeye peke yake alitaka nitoke."

Barke akakaa chini kwenye tope.

Basi Ijumaa baada ya swala nimekuozea mwanao, uani, chini ya turubai. Nilipomshika Khatibu mkono kwa nikaha, nilimhisi atetemeka kuliko mimi. Nikamnong'oneza, "Wewe nawe watetemeka nini, na ulijua?" Akasema, "Nilijua mzigo, Ami. Siku sikuijua. Tangu Jumatatu sijala."

Nikamshika kwa mikono yote miwili, nikasoma.

Wakusalimu Barke, ambaye hasemi nami kwa ajili ya nyoka, na Nana, bibi wa jirani, aliyewapa maharusi chumba chake, cha makuti. Fundi Garama naye akusalimu, macho chini. Tusalimie wote wanaotujua huko. Mola akuhifadhi, ukilala na ukiamka, na kilicho juu ya kichwa chako pia.

Wako akupendaye, ambaye bado aogopa kulala ndani,
Kaka yako Mwidani