Kimya cha Baada ya Salamu

Tarehe 3 Mei

Kasuku wangu,

Salamu nyingi kutoka huku ndani. U mzima? Na wifi yangu hajambo, au umeshamchosha kwa maneno sasa kwa kuwa ukitoka kazini mnafungiwa wote nyumbani? Mimi sijambo, ila miguu imenivimba. Mama naye mzima. Jana alimgombeza mpishi kwa sababu ya chumvi, kwa hiyo ujue hana neno.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu sisi wauguzi tunaolala humu tumekabidhi simu zetu ofisini. Mwenzetu mmoja alipiga picha za wazee zikasambaa, basi tukaadhibiwa wote. Barua atakuletea dereva wa mashuka. Getini wanazipulizia dawa kwanza, kwa hiyo ukiona karatasi imejikunja na inanuka, usinitukane.

Tangu wageni wakatazwe kwa ajili ya ugonjwa huu, nyumba hii ya wazee imekuwa na utulivu wa ajabu. Wazee wanatembea na viatu vyao vya kitambaa, husikii hata hatua. Asubuhi jua linaingia kwa madirisha ya kule mwisho wa korido, linajilaza sakafuni, na wao wanalipita polepole kama wanaogopa kuliamsha. Kuna wakati nasimama na sinia la dawa mkononi nasahau nilikuwa naelekea chumba gani.

Sasa sikiliza. Saa nne kipindi chako kikianza, Mama anavuta kiti karibu na redio. Ukisema "Hamjambo nyote," anakuitikia: "Sijambo mwanangu, umekula?" Na wewe hapo hapo unaendelea na maneno yako kama mtu asiyefunzwa adabu. Inamuudhi sana. Wasikilizaji wakianza kupiga simu anasema, "Subiri, nakuunganisha," na anabonyeza meza. Ile miaka yote ya kukaa kwenye swichibodi ya posta haijamtoka. Anaamini kila anayeongea redioni amepitia mkononi mwake.

Nina ombi moja tu. Ukishaamkia, nyamaza kidogo, mpe nafasi ajibu.

Dada yako


Tarehe 10 Mei

Dada, shikamoo.

Barua imefika, inanuka kama choo cha hospitali, na nimeisoma mara nyingi kuliko unavyodhani. Sisi wazima. Wifi yako anasema afadhali wewe umefungiwa na wazee, yeye amefungiwa na mimi.

Ombi lako nimelitimiza Jumatatu. Nikasema "Hamjambo nyote," nikanyamaza. Dada, hujui kimya ni kosa gani kazini kwetu. Mtambo wenyewe ukisikia kimya unadhani tumekufa wote, unajipigia muziki. Fundi mitambo aliinuka kwenye kiti akidhani nimezirai. Mkuu wangu akaniita: "Unangoja nini?" Nikamwambia nangoja watu waitikie, ndiyo adabu. Akanitazama sana, kisha akasema basi, lakini kisizidi pumzi mbili. Kwa hiyo mwambie Mama ajibu haraka.

Je, anajibu? Niambie anasema nini. Mimi huwa namwona kabisa. Nikivaa hedifoni na kile chumba kikajaa kimya, ni kama nimesimama mlangoni kwake na bado sijagonga.

Mjadala wa kuondoa marufuku unazidi kuwaka. Kipindi nimekiita "Tufungue au Tusubiri," na wanapiga simu mpaka laini zinakwama. Kinyozi mmoja alisema ugonjwa labda utamuua mwakani, njaa itamuua wiki hii. Mwenye ukumbi wa harusi alilalamika kwamba wachumba wakikaa sana bila harusi wanafahamiana, na wakifahamiana wanaachana. Mama mmoja wa duka la dawa akasema, "Kawia ufike." Kabla hajamaliza, mwingine akadakia, "Ngojangoja huumiza matumbo." Na mimi katikati, kazi yangu kushika mizani, nisiegemee huku wala kule.

Lakini kwako siwezi kujifanya mizani. Nataka wafungue. Wafungue nyumba za wazee kabla ya kumbi na saluni. Siogopi ugonjwa, Dada. Naogopa siku mlango utakapofunguliwa nikute Mama hanijui tena. Kila wiki wanaposema tusubiri, mimi nasikia wanasema asahau kidogo zaidi.

Mdogo wako mwenye mdomo


Tarehe 17 Mei

Kasuku,

Marahaba. Mimi mzima, Mama mzima, na wewe natumaini uko hivyo hivyo na wifi yangu bado hajakutupa nje.

Anajibu. Jumanne ulipoamkia alisema, "Sijambo, umechelewa leo." Jumatano alikueleza habari yote ya jino lake, ukamkatiza njiani, akaniambia, "Laini mbovu." Alhamisi hakusema kitu. Aliitikia kwa kichwa tu, akatabasamu, akabaki ameuegemeza mkono wake juu ya redio kama mtu anayepima joto la mtoto. Muda wote wa kipindi alikaa hivyo. Nilimletea chai ikapoa.

Umeniuliza mambo, nami nitakujibu bila kupaka asali. Anaanza kuteleza. Juzi aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia wako, Mama. Akacheka kwa heshima, kama unavyomchekea mgeni aliyefanya mzaha. Lakini sauti yako anaijua. Hilo halijatoka.

Sasa na mimi nisikilize. Yule babu wa chumba cha mwisho, tuliyemwita Kepteni kwa sababu ya kofia yake, amefariki wiki iliyopita. Haikuwa ugonjwa huu, ilikuwa moyo. Nilimwosha mimi, nikamfunika mimi. Kwa hiyo usidhani sijui maana ya mtu kuondoka bila mwanawe. Najua kuliko wote wanaokupigia simu. Na bado nasema tusubiri. Humu ndani pafu moja likiguswa, tumekwisha wote. Wazee hawa wanakula meza moja, wanashika kitasa kimoja, wanasahau barakoa shingoni. Kikohozi kimoja kikipita getini, nitaosha watu mpaka mikono ichubuke.

Wewe una kipaza sauti. Watu wanakuamini kwa sababu huegemei. Siku utakayowaambia waje, watakuja. Nakuomba kama nilivyokuomba kile kimya, shika mdomo wako mpaka watu wanaojua waseme.

Dada yako


Tarehe 24 Mei

Dada, shikamoo.

Natumaini hamjambo humo. Mimi mwili mzima, roho sijui.

Najua ulisikia, maana redio iko wazi saa nne. Lakini ngoja nikueleze ilivyokuwa. Yule mwanamke aliyepiga simu hakulia. Angelia, ningejua la kufanya. Tunawapa pole, tunapiga wimbo. Alisema tu baba yake, aliye kwenye nyumba ya wazee, alikuwa akimpungia mkono dirishani kila Jumapili, yeye akiwa upande wa barabara. Jumapili iliyopita alipunga mkono, baba akamtazama, kisha akavuta pazia. Hakumjua. Akaniuliza, "Ndugu mtangazaji, hawa wanaosema tusubiri, wananirudishiaje baba yangu?"

Nikaiweka mizani chini. Nikasema nilichosema. Kwamba kama mtu anaruhusiwa kupanga foleni dukani kununua soda, aruhusiwe kumshika mama yake mkono. Kwamba wenye wazazi waende wakasimame getini wadai. Nilisikia sauti yangu ikisema hivyo, tulivu kabisa, kana kwamba ni ya mtu mwingine anayesoma habari.

Uliniomba, na sikukusikia. Sitakudanganya kwamba najuta, kwa sababu bado sijui. Nilikuwa nikimfikiria Mama. Niambie amesemaje.

Mdogo wako


Tarehe 26 Mei

Kasuku,

Mama mzima. Nimeanza na hilo usije ukakosa usingizi.

Walikuja, kama nilivyokuambia. Walijaa getini tangu asubuhi, wengine na mashada ya maua, wengine na watoto mabegani. Mlinzi mmoja na watu wote wale. Wazee wakasikia majina yao yanaitwa, wakatoka vyumbani na nguo za kulalia. Bibi mmoja ambaye miezi sasa tunamsukuma kwa kiti aliinuka akatembea mwenyewe mpaka kwenye uzio. Walishikana mikono kwenye matundu ya wavu, wakabusiana, wakafutana machozi kwa barakoa. Nilisimama katikati nawatenganisha mama na mwanawe, nawavuta kwa mabega. Mtu mmoja ameniita muuaji. Nimemwelewa, na sitamsahau.

Ilikuwa nzuri kuitazama. Hilo ndilo linaloniuma. Ilikuwa nzuri, na sasa kila mmoja humu nampima joto asubuhi na jioni.

Mama peke yake hakutoka. Nilimwambia kuna watu nje. Akasema, "Ninyamazie, mwanangu anaongea."

Usiniandikie kwanza. Nina hasira, na nikijibu nitakuumiza.

Dada


Tarehe 9 Juni

Dada, shikamoo.

Najua ulisema nisiandike. Sitaki jibu la barua, nataka neno moja tu kwa dereva wa mashuka: wote wazima au la.

Mimi kipindi wamenipokonya kwa muda. Mkuu alisema, "Ulikuwa mizani, umekuwa jiwe." Sasa nimewekwa chumba cha nyuma, naandika matangazo ya sabuni na wengine wanayasoma. Saa nne ikifika mikono yangu inaacha kazi yenyewe. Natazama ukuta. Mwenzangu anawaamkia watu na hanyamazi hata kidogo, maneno yake yanafuatana bila mlango wa kuingilia. Nawaza Mama anavyoshindwa kupenya.

Kama kuna aliyeugua kwa sababu yangu, nitajie ni nani. Nisiwe sijui.

Mdogo wako


Tarehe 20 Juni

Kasuku,

Marahaba. Hujambo? Wifi yangu hajambo?

Hakuna aliyeugua. Tumeshapimwa wote, mara mbili. Sijui ni Mungu, ni upepo, au ni bahati ya wendawazimu. Kwa hiyo mdomo wako haukuua mtu, ila tafadhali usijisifu, maana pengine ungeua. Kuna nyumba nyingine ya wazee ambako watu walifika vilevile, na huko wanalia hivi sasa.

Tangu upotee redioni, Mama amepungukiwa. Saa nne anavuta kiti, anasikiliza, kisha anaanza kuzungusha kile kitufe cha kutafutia stesheni, kutoka mwanzo mpaka mwisho na kurudi. Anapita nyimbo, mahubiri, lugha asizozijua. Siku za kwanza alikuwa akinung'unika. Sasa anazungusha tu, polepole, na macho ameyafumba. Nikimuuliza anatafuta nini anasema, "Kuna mtu alikuwa hapa."

Umesikia tangazo. Kuanzia mwezi ujao wageni wataruhusiwa, mmoja kwa kila mzee, robo saa, barakoa mbili na pazia la nailoni katikati. Katika mkutano wa wafanyakazi mimi nilisema bado, tungoje mwezi mwingine. Nimeshindwa, na leo nimefurahi kushindwa. Nimekuandikisha siku ya kwanza, saa nne. Mimi nitakuwa nimepewa likizo, nalala nyumbani kwangu mpaka nioze. Uje, mdogo wangu. Uje upesi.

Dada yako anayekupenda


Tarehe 2 Julai

Dada, shikamoo.

Natumaini umelala, na miguu imepungua. Usikimbilie kujibu.

Nilifika. Wenzako walinivisha joho la karatasi, glavu, barakoa mbili, na miwani ya plastiki iliyojaa ukungu. Kwenye kioo hata mimi sikujijua. Korido ni kama ulivyoiandika, jua limejilaza sakafuni, na mimi nikatembea juu yake kimyakimya nikiwa na mifuko ya plastiki miguuni. Nilihisi naota, na nikaomba asitokee wa kuniamsha.

Mama amekuwa mdogo. Hukuniambia hilo. Alikuwa amekaa nyuma ya pazia la nailoni na redio mapajani, imezimwa. Nilimwamkia. Barakoa zikameza maneno. Nikapaza sauti, ikatoka ya mtu mwingine, nzito. Akainua uso akanitazama vizuri, akafurahi, Dada, akafurahi kweli.

"Umekuja, fundi," akasema. "Wamekuchelewesha sana."

Nikasema, "Mama, ni mimi." Akasema najua ni wewe, nimekuita muda mrefu. Akaipitisha redio chini ya pazia. Akanieleza kwamba haina ubovu mwingine wowote, nyimbo inaleta, habari inaleta, ila haimleti mwanawe. Akasema ni kijana mwenye maneno mengi lakini ana adabu, akikuamkia anakungoja ujibu.

Mkono wangu ulienda kwenye barakoa. Muuguzi aliyesimama mlangoni akatikisa kichwa. Alinitazama kwa huruma, lakini akatikisa. Nikawakumbuka wale wa nyumba nyingine. Nikaushusha mkono.

Basi nikawa fundi. Nikafungua kifuniko cha nyuma, nikazitoa betri, nikazifuta kwa kidole, nikazirudisha. Alinitazama mikono muda wote. Akaniuliza nimeingiaje, maana anasikia milango imefungwa na watu wanabishana. Nikamwambia wameacha kubishana, milango imefunguliwa.

"Imefunguliwa?"

"Ndiyo, Mama."

Kisha akasogea mpaka paji la uso wake likagusa nailoni, akaniambia kwa sauti ya chini, kama anayenipa siri ya ofisi:

"Wewe ndiwe unayejua mitambo. Ukimpata huko ndani, mwambie wamefungua. Mwambie aje."

Nikamwambia nitampata.

Mdogo wako