Haikuwa Ngiri, Mama

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti chako cha mlangoni, goti limetulia na ile sauti ya kuwafokea kuku bado ipo. Mdogo wangu aliniambia siku hizi unapanda ngazi bila kushika ukuta. Nilifurahi, ingawa nakujua: ukisifiwa kidogo utataka kubeba ndoo. Tafadhali usibebe. Mimi naendelea. Neno hilo nimelichagua kwa makusudi, maana "mzima" nimeshakuambia mara nyingi mno kwenye simu, na haikuwa kweli.

Ndiyo maana naandika. Kwenye simu nikisikia tu unaniita "baba", nageuza maneno na kuanza kuulizia mvua.

Unaikumbuka ile operesheni niliyosema ni ya ngiri, eti kwa sababu ya kunyanyua mageti pale karakana. Uliwaeleza majirani, ukampigia fundi mkuu kumsihi anipe kazi nyepesi. Mama, haikuwa ngiri. Nitaliandika mara moja tu, nawe ulisome mara moja usirudie: ilikuwa saratani ya korodani. Moja imeondolewa. Niligundua uvimbe nikiwa naoga, mgumu kama punje ya hindi, nikanyamaza miezi kadhaa. Niliona haya kumvulia suruali daktari, nikaona heri nife na suruali yangu. Na daktari mwenyewe alikuja kuwa msichana wa rika langu! Nilitazama dari muda wote, nikajibu maswali yake kama niko kituo cha polisi.

Baada ya operesheni nilijihesabu nimepona. Lakini vipimo vya damu vikaanza kupanda, na picha ikaonyesha tezi zimevimba ndani ya tumbo. Daktari alinieleza kwamba ugonjwa huu husikia dawa hata ukiwa umesambaa, na kwamba wengi hupona, ila lazima niwekewe dripu, awamu baada ya awamu. Nilimjibu "sawa" kama mtu anayeagizwa misumari.

Kwa hiyo nilipokuambia nimepelekwa mbali kufunga madirisha ya shule, hapakuwa na shule. Nilikuwa wodini, sindano mkononi, beseni mapajani. Nywele zilikwenda, nyusi zikafuata. Dereva mmoja wa lori, naye kipara cha dawa, alitutazama tulivyopangwa kwenye viti akasema tumekuwa trei ya mayai. Tulicheka mpaka muuguzi akaja kuuliza nani amevuta dripu.

Kisha nikafanya upumbavu. Nilipopata nafuu kati ya awamu mbili, nilirudi karakana kujionyesha mwanaume. Nilimwambia fundi mkuu kwamba nilikuwa na malaria tu. Asubuhi hiyo nilianza kutetemeka kwa homa, nikajikaza, nikashika fremu ya dirisha upande mmoja na mwenzangu upande wa pili. Miguu ikaniishia. Nikaanguka chini, fremu juu yangu, na Mama, nikajikojolea mbele ya wenzangu wote. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Fundi mkuu alinifunika kwa koti lake la kazi, akanibeba mgongoni hadi kwenye pikapu, akanipeleka hospitali huku vyuma vikigongana nyuma.

Walikuta chembe nyeupe za damu karibu zimekwisha. Dripu ikasimamishwa, nikatengwa chumba cha peke yangu. Nililia, na si kwa maumivu. Niliona hata kuugua kumenishinda, kazi ambayo haihitaji ufundi wowote.

Fundi mkuu aliuliza ampigie nani, nikasema hakuna mtu. Hakunisikiliza. Alimpigia Mwalimu.

Mama, hapa ndipo kalamu inapokuwa nzito. Nilikuambia nimevunja uchumba na Mwalimu kwa sababu nilimfumania na mwanaume mwingine. Hakukuwa na mwanaume mwingine. Daktari alikuwa amenieleza kwamba huenda dawa zikaniacha bila uwezo wa kupata watoto. Nikaogopa Mwalimu asije akanihurumia, nikamwambia nimebadili mawazo, basi. Wewe uliponibana ukitaka useme naye, useme na wazazi wake, ule uongo ukatoka mdomoni ukiwa umeshavaa viatu. Ulinitetea kama simba. Ukaacha kusalimiana na mama yake, mtu mliyeshirikiana naye kila kitu tangu sijazaliwa. Maneno yakaenea mtaani, mpaka wazazi wa watoto anaowafundisha chekechea wakawa wananong'ona akipita. Nilijua yote hayo, mdogo wangu alinisimulia, nami nikakaa kimya.

Mwalimu alikuja amevaa barakoa, akasimama miguuni pa kitanda. Nikaanza kumweleza habari za vipimo. Akanikatiza.

"Ugonjwa nimeuelewa," alisema. "Fundi amenieleza. Hilo la mwanaume mwingine ndilo sijalielewa."

Nikamwambia nilimhurumia.

"Ulijihurumia mwenyewe. Mama yangu hapiti tena mbele ya mlango wenu. Anazunguka nyuma ya stoo, na miguu yake ile. Sikuja kurudiana na wewe. Pona kwanza. Lakini kabla hujapona, mwambie mama yako ukweli."

Akaweka machungwa mezani, akaondoka. Sijui kama atarudi, wala sina uso wa kumuuliza.

Chembe zimepanda sasa. Jumatatu naanza tena dripu, na safari hii sitakimbilia karakana. Ukitaka kuja, njoo. Nisingependa unione hivi, lakini nimechoka kukukosa. Mdogo wangu anipigie mwenyewe, nina jambo la kiume la kumweleza, na asione haya kama mimi.

Ila kabla hujaja, nenda nyumba ya pili, kwa kina Mwalimu. Bisha hodi mchana, majirani wakiwa nje, waone. Mwombe radhi mama yake, na umwambie Mwalimu kwamba mwanao alimsingizia. Litaje neno hilo hilo, kusingizia. Usiseme nilikuwa mgonjwa. Usiseme nilichanganyikiwa. Najua utataka kunitetea, Mama, ndivyo ulivyo. Mara hii usinitetee.

Wasalimie wote wa nyumbani, na uniwekee nafasi kidogo katika sala zako, hata kama kwa sasa umenikasirikia.

Ni mimi, kifungua mimba wako,
ambaye bado anakuita Mama.