Mama, Umeshakunywa Chai

Mpendwa Mama,

Naandika nikiwa ukumbini, nawe umelala chumba cha pili. Hata hivyo, barua hii haimwendei huyo aliyelala. Yaja kwako wewe, mwalimu wa shule ya Tononoka, uliyekuwa ukinipeleka ufukweni Mama Ngina kila Jumamosi alasiri, ukininunulia mihogo ya kukaanga kisha ukinihoji masomo.

Siku niliyokusomea huko muhtasari wa tasnifu yangu ya biokemia, ulinikatiza. "Acha maneno ya kitabuni. Mweleze huyu muuza mihogo aelewe."

Nikajitahidi. Insulini hubisha hodi kwenye seli ili sukari ipate kuingia. Ikibisha mno kwa miaka, seli huacha kuitikia.

"Na za kichwani je?" akauliza muuza mihogo.

Nikamjibu kwa majivuno kwamba ubongo nao huihitaji insulini, na kwamba watafiti wanauhusisha ukaidi huo wa seli na maradhi ya kusahau, ingawa hawajathibitisha kipi huzaa kipi.

"Basi mimi nishakwisha!" akamaka. "Chai yangu vijiko vinne!"

Ulicheka hadi pilipili ikakupalia. Ulikuwa na kisukari tayari, Mama. Nami, hodari wa kueleza, sikukutazama.

Ulianza kusahau miwani, kisha majina ya wanafunzi wako, kisha njia ya kurudi nyumbani kutoka Bondeni. Tangu siku ile majirani walipokuleta bila viatu, mlango wetu hufungwa kwa ufunguo mchana kutwa.

Kisha ikaja chai. "Leo sijapata chai," ulisema, na kikombe bado kina joto mbele yako. Nikamtazama mama mdogo Zuhura.

"Mzazi haambiwi ushakunywa," akaninong'oneza. "Mmiminie."

Nikamimina. Cha pili, cha tatu, cha nne, vyote vitamu kama ulivyovizoea. Nilikuwa na shahada, Mama, lakini niliogopa kukuvunjia heshima mbele ya nduguyo. Sukari ilipanda, ukachanganyikiwa zaidi. Ulipochanganyikiwa, ukadai chai. Miezi mizima nilikuzungusha humo kwa adabu zangu zote.

Sasa chuo kimoja cha ng'ambo kimenipa nafasi ya kuuchunguza uhusiano huohuo wa insulini na kusahau. Mwisho wa kujibu ni kesho, Ijumaa. Nimeandika majibu mawili, la kukubali na la kukataa, yote kwa lugha fasaha kama ulivyonifunza. Mama mdogo huweza kuja siku moja tu kwa wiki. Siku sita zilizosalia, ufunguo ni wangu.

Asubuhi ya leo ulidai chai tena. Kwa mara ya kwanza nikasema, "Umeshakunywa, Mama."

Ukanikazia macho ya darasani. "Huna adabu wewe. Nani alokuajiri hapa?"

Nikakiondoa kikombe kitupu.

"Lau mwanangu yuwapo, hangenijibu hivyo. Yuko wapi?"

"Amekwenda kusoma."

Uso wako ukakunjuka. Miezi mingi sijauona hivyo. "Alhamdulillahi. Yule ana kichwa. Mwambie asirudi mpaka amalize."

"Nitamwambia."

Ukaridhika, ukarudi kulala. Nikaenda mlangoni, nikaufunga kwa ndani, ufunguo nikautia mfukoni.

Akupendaye daima,
Mwanao, aliyekwenda kusoma