Bustani Yako Haijafagiwa, Feza

Kwa mwipwa wangu Feza, uliye huko Wamaza,

Pole na vumbi la kiangazi. Kwanza ujue barua hii inatoka kwa mutu mukubwa. Siku hizi mugeni akishuka Kasongo na kuuliza nani anajua mambo ya bustani, hawamupeleki kwa agronomu, wanamuleta kwangu. Hata wale wanaokimbilia Kabambare wanasimamisha pikipiki mbele ya parsele yetu, kiwanja hiki cha nyumba, wanashangaa: "Hii ni ya nani?" Mimi najibu, "Unasema na mwenyewe." Ni kweli uliipanda wewe. Lakini wewe hauko, na mutu hawezi kuongea na majani.

Unakumbuka siku tulienda Nyangwe kwenye kilio cha babu yako mudogo, pine ya pikipiki ikapasuka katikati ya njia? Mimi niliiziba kwa utomvu wa muti na ganda la ndizi, na mwenye pikipiki mupaka leo hajabadilisha. Ungekuwa shahidi, lakini hukuangalia. Ulikuwa umeshuka kwenye kijito, umechuchumaa. Kilikuwa kiangazi kama hiki, majani yote ya kando ya barabara yamegeuka rangi ya tofali. Nikakuita, nikakuita tena. Ukasema, "Mujomba, kuja uone." Nikadhani ni samaki. Kumbe ni udongo! Ukainua majani makavu, ukachukua mukono wangu ukautia chini yake. Baridi, kama tumbo la mutungi.

"Nani anamwagiaka maji huku?" ukauliza.

"Mungu. Nani mwingine?"

"Basi Mungu hafagiaka."

Nilicheka, lakini wewe hukucheka. Ulikuwa unanionyesha kwa kidole: juu miti mirefu, chini yake matungulu ya pori yenye majani mapana, chini ya matungulu majani ya kutambaa, na chini kabisa uchafu wa majani ambao hakuna mutu ameuokota. Kila mumoja anamufunika mwenzake, jua halipati mulango. Tulifika kilioni wamekwisha kuzika, mama yako akatugombeza, na wewe bado ulikuwa unawaza kijito.

Tuliporudi ukasema unataka bustani, nikakuletea kamba yangu na vijiti, nivo yangu ya kupimia usawa, na chupa tupu za kupanga pembeni. Mimi ni fundi wa nyumba. Kitu kikipinda kinaniuma machoni. Ukang'oa vijiti vyangu vyote. "Mujomba, uliona wapi kijito kinapita mu nivo?" Ukapanda ulivyotaka: migomba na papai nyuma, mabilingani na pilipili katikati, matembele na maboga yanatambaa chini, na kanjia kamoja kanapinda kama nyoka aliyekunywa pombe. Nilimwambia kila mutu kwamba mutoto wa dada yangu ameharibika akili. Siku walipoanza kusifu, sikusema tena hivyo.

Na siku uliyoenda kumufuata bwana yako na kazi yako ya ualimu, ulikuwa umekwisha kupanda pikipiki, mufuko mapajani. Hukusema nile vizuri. Ulisema, "Mujomba, usiache mutu afagie chini ya migomba."

Sasa sikia. Unamujua bibi niliyemuoa, mama Riziki: jua halijatoka, ufagio umekwisha kulia. Kwake parsele yenye majani chini ni parsele ya watu waliokufa. Kiangazi hiki wanawake wakipita kwenda kuteka maji wanamusalimia kwa sauti kubwa, "Mama Riziki, kumbe muko! Tulifikiri mulihama." Anaingia ndani, anapiga sufuria. Mimi nilikuwa nacheka, mupaka siku moja akaniambia, "Wewe cheka tu. Hakuna mutu anamucheka mwanaume kwa ajili ya majani. Aibu ni yangu."

Kisha akaja shefu wa avenyu, mukubwa wa mutaa wetu. "Baba fundi, hii ni pori. Siku ya posho, Jumamosi hii, kwenye salongo, kazi ya usafi ya watu wote, vijana watakuja na mapanga wakate yote. Nyoka watazaliana hapa."

Nikamwambia nyoka wa Kasongo nzima wananiogopa, nikimushika mumoja kwa mukia wengine wanahama. Hakusikia. Nikamwambia kuna wazungu wanakuja kupiga picha.

"Wazungu gani?"

"Wale wa bustani."

"Wanafika lini?"

"Baada ya siku ya posho."

"Vizuri," akasema. "Watakuta pameisha kuwa safi."

Feza, nikaona kazi yako imelala chini, na mimi nikitafuta namna ya kukuambia. Hapo mama Riziki akatoka jikoni na ufagio mukononi. Nikasema, imekwisha, sasa wako wawili.

"Shefu," akasema, "matembele aliyokuja kuomba bibi yako jana, yalitoka wapi? Yalianguka mbinguni?"

Shefu akaangalia viatu vyake.

"Avenyu nzima imekauka. Kata. Lakini kesho umwambie bibi yako wewe mwenyewe mboga iko wapi."

Shefu akakohoa. Akasema basi, upande wa barabara ufagiwe mupaka ung'ae, wa nyuma yeye hauoni. Ndivyo ilivyo mupaka leo. Mbele unaweza kuokota mchele uliomwagika. Nyuma ni kijito chako. Na majani anayofagia mbele, mama Riziki anayabeba kila asubuhi anayamwaga chini ya migomba.

Boga moja limepanda mupapai, linaning'inia juu kama linataka kuona Wamaza. Mabilingani yanazaa, pilipili imekuwa nyekundu, na chura amehamia kwenye matembele. Lakini nyumba iko kimya. Hakuna wa kuniambia kwamba naongopa, na bila mutu huyo uongo hauna chumvi. Ukipata nafasi kwenye likizo, kuja. Msalimie bwana yako. Kijito kiko kwenu huko pia, mufundishe kuchuchumaa.

Kwenye simu uliuliza ile kona ya ukutani, penye mawe, inakaaje mbichi wakati hata majani makavu hayashiki unyevu pale. Nilikujibu: ufundi. Wengine wote nimewajibu hivyo hivyo. Ukweli ni kwamba naogea pale. Nabeba ndoo yangu asubuhi, naingia katikati ya migomba, nachuchumaa, maji yanaenda kwenye matembele. Juzi upepo ulifunua majani, na jirani yetu mama Zaina alikuwa anaanika nguo. Akaniita kwa upole sana, "Baba fundi, na hiyo nayo umeipanda?"

Tangu siku hiyo naoga na kaptula.

Ni mimi, mujomba wako, kaka ya mama yako