Wishwa wa Kuku, Miguu ya Fundi

Bi Moza mpendwa, baada ya salamu nakushika miguu unisaidie, maana nililolianzisha mwenyewe sasa limenishinda.

Mume wangu ni fundi cherehani hapa Chake, na tangu kazi imchangamkie hataki chakula ila wali mweupe, mchana wali, usiku wali, nami kumridhisha natwanga mpunga mpaka mchele unang'aa, naukosha mpaka maji yatoke safi, na wishwa, ule unga wa rangi unaobaki kinuni, nawamwagia kuku, basi mwaka huu miguu ikaanza kumfa ganzi, makubadhi yakawa yanamvuka njiani asijue, mwisho akashindwa hata kukanyaga cherehani, na daktari alipomwambia chanzo ni mchele wa kukobolewa mno, ale kunde na wishwa huo huo, alirudi amenuna akasema, "Miye si kuku, Mize. Ukinilisha wishwa utarudi kwenu," nami kwa hofu nikauchekecha nikampikia uji, nikamwambia ni dawa ya Mzee Msellem, mganga wa Tumbe, ambaye wala hana habari, akanywa, na wallahi miguu imerudi, anashona na kucheka, lakini sasa kanunua mbuzi, Ijumaa anampeleka Tumbe kumshukuru mzee, na uji kauacha, asema keshapona, anataka wali wake mweupe. Nikisema kweli naachwa, nikinyamaza ataanguka tena. Nifanyeje?

Mize, Chake Chake

Mize mwanangu, pole, na nimecheka, usinichukie. Umemtibu mumeo kwa mkono wako, kisha shukurani ukampa mzee aliyekaa zake barazani Tumbe. Uongo huo ulikuwa wa nini? Na huko kutwanga mpaka mchele ung'ae nako ni kosa, maana wema wa mpunga uko kwenye ule wekundu unaoumwaga uani. Mumeo naye hodari wa kupima watu vifua na viuno, lakini chakula anakipima kwa weupe.

Maradhi haya si ya mchezo. Yakiachwa huingia moyoni, na moyo ukishindwa, uji haufai kitu. Basi kuachwa kusikutishe kuliko kufiwa.

Mwambie kabla ya Ijumaa. Usimwambie akiwa na njaa, wala mbele ya mama yake. Ngoja akae kwenye cherehani, gurudumu linazunguka, umwambie dawa ilikuwa wishwa, aliyepika ni wewe, na ulimdanganya kwa sababu unampenda. Atanuna. Mwache anune, miguu yake itakuwa inakanyaga huku anakasirika. Akitulia, arudi kwa daktari atazamwe. Nawe tangu leo twanga kwa kiasi, osha mchele kidogo tu, na kunde au choroko zisikose kwenye sinia.

Mbuzi asifike Tumbe. Achinjwe hapo hapo kwenu, upike wali mwekundu, uwaite majirani, na mumeo awakaribishe yeye mwenyewe. Na hao kuku, Mize, wameshakula fungu la mumeo vya kutosha. Wafungulie wakachakure.