Nanjala Asitoke na Yule Mgeni

Mama yangu mpendwa,

Mulembe sana. Nauliza mguu wako na yule ng'ombe aliyezaa, lakini nisamehe, sitangoja jibu, barua hii ina haraka. Mimi ni mzima. Tangu Krismasi sijakanyaga Kamukuywa, hii saluni ya Kitale imenifunga kama mbuzi.

Mama, Nanjala asitoke hapo nyumbani.

Leo asubuhi shangazi, Senge wetu, aliingia saluni na kikapu cha mboga, meno yote nje. "Mdogo wako ataonekana kwa TV, bana! Kuna mwalimu anatafuta wasichana wa kucheza kwa video za nyimbo za Injili. Jumamosi anamchukua." Ati ulimchinjia jogoo, ukampa na firigisi, ile ya Baba, ambayo tangu tumzike hakuna mwanaume ameila kwa meza yetu. Nikamuuliza mwalimu mwenyewe anafanana vipi. Kofia nyeupe, kamera shingoni, kila mtoto anamwita "nyota yangu". Kitana kiliniponyoka.

Huyo mtu namjua! Jana alileta hapa msichana wa mtaa wa Kipsongo, wa darasa la sita kama Nanjala, ati nimsuke na kumpaka rangi ya midomo aonekane mkubwa. Nikamuuliza, mkubwa wa nini? Akacheka. "Ni picha za majaribio tu, dada." Alipotoka kupiga simu, mtoto akanishika aproni: "Anti, suka pole pole." Akaniambia huko gesti anakowapigia picha mzazi haruhusiwi kuingia, mlango unafungwa kwa funguo, na kuna wanaume wanakaa tu kuangalia. Zaidi hakusema, na mimi sikumsukuma. Mama, niliogopa.

Basi nikawa nasuka, nafumua, nasuka tena, huku mwenye saluni akipitia mlango wa nyuma kuita askari. Lakini yule shetani aliwaona kutoka mbali, akatoroka. Hajapatikana mpaka sasa. Kwa hivyo usiseme Jumamosi bado, anaweza kufika hapo hata leo.

Najua utasema, mtu ameshakula firigisi kwetu, nitamfungiaje mlango? Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja mwenyeji augue. Mfungie! Wakisema mjane wa watu hana heshima, waambie ni Nekesa amekataza.

Ningekuja mwenyewe, lakini askari wamesema nisitoke mpaka afisa wa watoto aje nieleze nilichoona. Simu ya Mjomba imezima tangu asubuhi. Ndiyo maana namrudisha Senge mbio na barua hii, hata mboga hajauza, na sasa yeye ndiye analia.

Nanjala atanuna. Mwambie si kwamba hajui kucheza. Anacheza kunishinda, na atacheza kanisani mbele yako.

Nisalimie nyanya yetu Kukhu, umwambie aombe. Mjomba awashe simu, na alale hapo kwako. Mwalimu wa Sunday school mwambie leo leo, maana sijui ni watoto wangapi wa kwaya wameshaahidiwa.

Ni mimi binti yako mwenye hofu,
Nekesa

Huyu mtoto wa Kipsongo yuko hapa na mama yake, tunangoja afisa. Ameniuliza namwandikia nani. Nikamwambia nina mdogo wangu, rika lake, na yule mtu ameshafika kwetu. Amenishikia karatasi. "Anti, andika haraka."