Gogo Lililokatazwa Kuvuka

Tungue,
20 Shaaban 1384.

Mpendwa mdogo wangu Mwanvua binti Abdulrahmani, Mikindani,

Salaam nyingi zikufikie wewe na wote wa nyumbani. Goti lako je, bado linakusumbua ukiinuka kuswali? Mimi mzima kabisa, namshukuru Mola. Meno yamebaki tisa na yote yanatafuna. Wifi yako Awa naye mzima, hasa mdomo.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Mtu akikwambia mwandiko mbaya, macho yake ndiyo mabaya.

Sasa habari ya gogo. Unakumbuka siku ya arobaini ya kuzaliwa binti yako Mwanaharusi niliapa mbele yenu kwamba mjomba mtu ndiye atakayetoa kitanda cha harusi yake, na mti nitauleta mzima mpaka mlangoni pako, wakwe waone ukubwa wake kabla msumeno haujaugusa. Basi mwezi uliopita nimeuangusha mkongo wenyewe. Siku mbili, shoka langu, peke yangu. Abacar mchuuzi alishika kamba tu.

Tukalikokota gogo mpaka forodhani. Ossufo, mtoto wa marehemu Mamudo, siku hizi ni karani wa posto, ile ofisi ya shefe wa Kireno. Akaja na nyundo ya serikali, akaligonga gogo kichwani, alama ikaingia. Nikadhani ndiyo ruhusa. Kumbe ndiyo kufungwa!

"Mzee Mwinyimadi, gogo zima halitoki nchini. Msitu wa serikali, mti wa serikali. Lipasuliwe hapa, litengenezwe hapa, ndipo nikuandikie guia, hati ya kuvusha. Na tangu vita vianze, shefe wetu hana masihara."

"Na mimi niliyezaliwa humo msituni, ni wa nani?"

"Wewe, mzee, hata ukitolewa bure hakuna atakayekupokea."

Watu wakacheka. Mimi nikalikalia gogo. Siku sita, Mwanvua! Nikasema halipasuliwi mpaka lifike Mikindani. Awa akawa ananiletea wali huko huko. Siku ya sita akaweka sahani, akaniuliza, "Mume wangu, Mwanaharusi atalala juu ya kitanda, au juu ya sifa zako? Mfunguo mosi huo unaingia, na harusi nayo."

Usidhani nilishindwa. Nilikuwa nimeshaamua, ila yeye akatangulia kusema.

Kabla ya kupasua, nilizungusha kamba kwenye shina, pale panene, nikaikata hapo hapo ilipokutana. Pima mbili kasoro shibiri! Kisha nikashika msumeno. Kitanda nimekitengeneza mwenyewe, na fundi wako wa Mikindani akikiona ataficha randa yake. Kile kichwa cha gogo chenye alama ya nyundo nimekichonga kikawa mguu mmoja wa kitanda, alama ikakaa chini kabisa. Serikali ilisema mti wake. Haya, na ibebe kitanda.

Ossufo alikizunguka mara mbili, asione kosa. Akaandika guia: kitanda kimoja, kimefunguliwa, na kamba.

"Kamba ya nini?" aliniuliza kwanza.

"Ya kuwambia kitanda."

Kamba ile haitoshi kuwambia hata kigoda, lakini aliandika.

Abacar ndiye anayekuletea, maana wachuuzi wana ruhusa ya kuvuka. Mimi sitavuka, mdogo wangu. Shefe amezuia wanaume wengine wote wa huku kwenda ng'ambo, anasema tunafuata bunduki. Mimi, na meno tisa! Nimebishana naye asubuhi mbili. Hapa amenishinda, nakwambia wewe tu.

Kwa hiyo sikiliza. Kitanda kiwambeni kwa kamba zenu. Hii yangu siku ya harusi itandazeni chini, duara, mbele ya wakwe. Huo ndio unene wa mti wangu. Hapa tulijaribu, tukaenea mimi, Ossufo, Abacar, na Awa ambaye namhesabu wawili. Wasimamisheni ndani bibi harusi na bwana harusi. Itabaki nafasi upande mmoja. Mtu asiingie hapo. Hapo nimesimama mimi.

Nisalimie shemeji Pazi, aliyesema mti wangu uko mdomoni tu. Yeye ndiye aitandaze kamba. Msalimie Tatu na wanawe. Mwanaharusi mwambie mjomba wake amesema: Mungu akupe usingizi mwema na watoto wabishi.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, ninayetimiza nilichoapa,

Mwinyimadi bin Abdulrahmani